Milimita Moja kwa Siku: Tunamkumbuka Ambrose Mwaisabila wa Bujonde

Wasikilizaji wapendwa, mugonile. Ninyi wa Kyela mjini, wa Mwaya, wa Matema kule chini ya milima, na wewe uliyeitundika redio kwenye mkakao huku unapasua maganda, sogeeni tukae pamoja.

Leo ni tarehe mbili Oktoba. Mwaka mmoja umetimia tangu Ambrose Mwaisabila alipofariki dunia. Alikuwa mkulima wa kakao na mpunga, mwenyeji wa Bujonde. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Wengi wenu hamkupata kumjua, na yeye mwenyewe asingependa azungumziwe redioni. Lakini familia yake imeturuhusu, nasi tutamzungumzia kwa heshima.

Ambrose alikuwa mtu mrefu, mkimya. Kaka yake mkubwa, mzee Angetile, anasema mdogo wake hakujua kutoa pole. "Msibani watu wanakuja na maneno," anasema mzee Angetile. "Yeye alikuja na jembe. Ukifika unamkuta keshaingia shimoni, anachimba." Makaburi mengi ya pale Bujonde yamechimbwa na mikono yake. Kwenye kakao alikuwa msumbufu. Alikuwa akichukua punje moja kutoka kwenye boksi la kuvundikia, anaipasua kwa ukucha, anainusa, halafu anafunika tena majani ya mgomba na kusema bado. Wenzake wakishauza, yeye bado.

Yeye na mkewe Dainess walikaa miaka minane bila mtoto. Mwaka wa tisa akazaliwa binti. Wakamwita Anyitike, jina ambalo kwa Kinyakyusa linasema kwamba Mungu ameitikia.

Wasikilizaji wapendwa, habari ya Ambrose ni habari ya mguu wa binti huyu.

Anyitike alipokuwa na miaka mitano aliamka asubuhi moja ana homa, na mguu wa kulia umevimba chini ya goti. Jana yake alikuwa akiruka kwenye mikeka ya kuanikia kakao. Ambrose akaamua kwamba mtoto ameanguka. Akamkanda kwa majani ya moto. Akaja bibi mmoja jirani, naye akakanda. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Wiki ya tatu mtoto akawa hatambui watu, ndipo Ambrose akambeba kumpeleka hospitali.

Hakuwa ameanguka. Ulikuwa usaha ndani ya mfupa. Walimpasua, wakausafisha, mtoto akapona. Lakini daktari aliwaita wazazi pembeni akawaambia jambo moja. Usaha ule ulikuwa umeharibu ile sehemu ya mfupa, karibu na goti, ambayo ndiyo hurefusha mguu wa mtoto. Mguu wa kushoto utaendelea kukua. Wa kulia utabaki nyuma.

Ambrose aliuliza swali moja tu. "Tungemleta mapema?"

 Daktari alimwambia amshukuru Mungu mtoto yu hai. Ambrose alikuwa mkulima, si mjinga. Alielewa.

Miaka ikaenda. Mguu wa kushoto ukarefuka, wa kulia ukabaki. Akiwa na miaka saba tofauti ilikuwa upana wa vidole viwili. Kila Januari, kabla shule hazijafunguliwa, Ambrose alikuwa akikusanya kandambili zilizokatika, anakata soli, anazipanga moja juu ya nyingine kwa gundi chini ya kiatu cha kulia. Kila mwaka soli moja zaidi. Wenzake Anyitike wakamwita Ghorofa. Alikuwa akicheka nao. Lakini alipofika kidato cha pili, mgongo na nyonga vilianza kumuuma kiasi cha kushindwa kukaa darasani mpaka kengele ya mwisho.

Hapo ndipo alipoingia katika habari hii dada Emerensiana. Huyu ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mzaliwa wa Kagera, aliyepangiwa kazi huku kwetu. Alikuja kwenye zahanati ya kata kuangalia watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda. Ambrose hakuwa na miadi. Alimleta binti yake kwa baiskeli, akasubiri mpaka watoto wote wakaisha.

Dada Emerensiana alimsimamisha Anyitike peku. Akaweka vipande vya mbao chini ya mguu wa kulia, kimoja kimoja, mpaka kiuno kikawa sawasawa. Akapima zile mbao. Sentimita sita.

"Huu mguu unaweza kurefushwa," alisema.

Ambrose akasema, "Daktari, sijakusikia vizuri."

"Mimi si daktari, baba. Lakini umenisikia. Madaktari wa mifupa wanaukata mfupa, halafu wanaufunga kwa pete za chuma kwa nje. Pale ulipokatwa unatenganishwa pole pole. Milimita moja kwa siku, si zaidi. Ukienda haraka mfupa hauungi. Ukienda polepole mno unaunga kabla ya wakati. Ukienda vizuri, ule mwanya unajaa mfupa mpya."

"Na anayeutenganisha ni nani?"

"Mtu wa nyumbani. Kuna nati anazungusha. Robo milimita, mara nne kwa siku. Kwa sentimita sita ni siku sitini. Baada ya hapo vyuma vinabaki miezi mingi mpaka mfupa ukomae."

"Basi mtu huyo ni mimi," alisema Ambrose.

Ilichukua zaidi ya mwaka kufika huko. Upasuaji ulifanyika Agosti mwaka jana, katika hospitali kubwa nje ya wilaya yetu. Anyitike alikuwa na miaka kumi na tano. Ambrose alilala kwenye benchi la hospitali wiki mbili akifundishwa. Kuosha pale vyuma vinapoingia kwenye ngozi. Kukunja na kukunjua goti. Na kushika spana. Spana namba kumi, wasikilizaji, ile ile ya fundi baiskeli.

Nyumbani, Dainess aliiona ile fremu, zile pete nne za chuma na nyaya zinazopenya upande huu wa mguu zikatokea upande wa pili, akatoka nje akashika nguzo ya jiko. Anakiri mwenyewe. "Nilimzaa mimi. Lakini kuutazama ule mguu sikuweza. Ikifika saa ya kuzungusha, mimi nakwenda mtoni hata kama maji yapo."

Ambrose aliweka kengele kwenye simu yake ndogo. Saa kumi na mbili asubuhi. Saa tano. Saa kumi jioni. Saa tatu usiku. Sauti aliyochagua ilikuwa ya jogoo. Simu ikiwika, popote alipo, aliacha alichoshika. Ananawa mikono mpaka viwiko, anapiga magoti kando ya kitanda, anasema, "Ndaga, mama," yaani asante, kama vile binti ndiye anayemfanyia yeye hisani. Halafu anazungusha robo.

Kuzungusha kwenyewe hakuumi sana. Maumivu huja baadaye, misuli inapovutwa na goti linapokataa kukunjuka. Siku ya kumi na tisa Anyitike alichoka. Aliufunika mguu kwa kanga, akamkatalia baba yake.

"Tata, inatosha. Ishia hapo. Nitatembea hivyo hivyo."

Ambrose alikaa sakafuni.  Kisha akatoa neno alilolibeba miaka kumi. "Mwanangu, wewe hukuanguka. Ulikuwa unaumwa. Mimi nikakukanda majani wiki tatu. Ningekupeleka siku ile ya kwanza, leo usingekuwa na vyuma hivi."

Anyitike anasema baba yake alikuwa hamtazami. Alikuwa anaitazama spana.

"Najua, tata," alimjibu. "Yule bibi jirani aliniambia nikiwa darasa la nne."

"Ulijua?"

"Nilijua." Akaifunua ile kanga. "Zungusha."

Wasikilizaji wapendwa, Ambrose alikuwa na neno jingine ambalo hakulisema.

Tangu Juni, miezi miwili kabla ya upasuaji, chakula kilikuwa kinamkwama kooni. Kwanza nyama. Halafu wali. Mtu wa Kyela akikataa wali wa Kyela, jambo lipo. Ambrose akahamia kwenye uji, halafu uji mwepesi. Dainess alipouliza, alimwambia, "Nimefunga. Namwombea mtoto."

Dainess alimwamini. Na asingemwamini kwa nini? Jumapili moja ya Septemba alisimama kanisani, akatoa ushuhuda mbele ya usharika wote. Akasema mume wangu amefunga mwezi wa tatu huu kwa ajili ya binti yetu. Watu wakapiga vigelegele. Ambrose alikuwa amekaa benchi la wanaume, ameinamisha kichwa. Dainess alidhani ni unyenyekevu.

"Nilimsifia njaa," anasema leo. "Mume wangu anakufa, mimi namsifia."

Aliyegundua ni dada Emerensiana. Alikuwa akija Bujonde kila Jumatano kuangalia goti la Anyitike. Jumatano moja alimwona Ambrose akinywa maji, akatoka nje haraka, akayarudisha kwenye migomba. Akamfuata. Akaona mkanda wake umetobolewa matundu mapya matatu kwa msumari.

"Tangu lini, baba Anyitike?"

"Juni."

"Juni! Mbona hukuniambia? Mimi nakuja hapa kila wiki!"

"Ningekwambia ungenipeleka hospitali."

"Ndiyo, ningekupeleka!"

"Sasa yule nani angemzungushia?"

Dada Emerensiana anasema hakuwahi kumpigia kelele mgonjwa maishani mwake, lakini siku ile alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Alichukua ruhusa kazini, akahamia pale nyumbani siku tatu kumhudumia binti, na mzee Angetile akampeleka mdogo wake Mbeya kupimwa. Siku tatu. Hizo ndizo siku pekee ambazo Ambrose hakuzungusha.

Majibu yalikuwa kansa ya umio, njia ile ya chakula. Ilikuwa imeshasambaa. Madaktari walitaka abaki wamwekee mpira wa kumsaidia kumeza. Aliwauliza atalazwa siku ngapi. Walisema labda kumi, labda zaidi. Alishukuru, akavaa shati, akarudi Bujonde.

Je, angewahi Juni, angepona? Tuliwauliza madaktari. Hakuna aliyetaka kutujibu kwa hakika. Walisema huenda angeishi zaidi. Huenda angekula.

Nyumbani sasa wote walijua. Dainess alilia siku nzima, kisha akawa anamchujia uji kwa kitambaa, kijiko kimoja kimoja. Anyitike alimwomba baba yake apumzike, atafutwe mtu mwingine. Alikataa. Mikono ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo binti akawa anamshika kiganja kukituliza, na wawili hao wanazungusha pamoja.

Asubuhi ya tarehe mbili Oktoba ilikuwa siku ya thelathini na sita. Mguu ulikuwa umerefuka sentimita tatu na nusu. Simu iliwika saa kumi na mbili. Ambrose alinawa, akapiga magoti, akazungusha robo. Akasema, "Ya asubuhi tayari." Hakuwa na nguvu ya kurudi kitandani kwake, akajinyoosha kwenye mkeka palepale sakafuni, kando ya kitanda cha binti. Dainess akaenda kuchota maji.

Anyitike alikuwa akisikia pumzi za baba yake. Halafu akawa hazisikii. Alimwita. Alimwita tena. Baba alikuwa amelala hapo chini, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angemgusa bega. Lakini fremu ilikuwa imeegemezwa kwenye mito, na kwa mguu ule hakuweza kuinama. Alijaribu. Vidole vilifika kwenye kola ya shati, vikaishia hapo. Akaishika ile kola mpaka mama yake aliporudi.

Ambrose Mwaisabila alifariki dunia tarehe mbili Oktoba, mwaka jana, kabla ya saa tano asubuhi.

Walimzika siku iliyofuata, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Kaburi lilichimbwa na watu wengi kuliko waliohitajika, kwa sababu kila mmoja alikuwa na deni la jembe kwake. Anyitike alibebwa na wanaume wanne kwenye kiti, mguu ukiwa juu ya ubao. Mchungaji alikuwa katikati ya neno. Mara, kwenye koti la mzee Angetile, jogoo akawika.

Ilikuwa simu ya marehemu. Saa kumi jioni.

Mzee Angetile alihangaika kuizima, akashindwa, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto.  Dada Emerensiana, ambaye tangu jana yake ndiye aliyekuwa akizungusha, alisogea mbele na spana mkononi. Dainess akainuka kutoka kwenye mkeka wa wafiwa.

"Nipe mimi."

"Mama, si lazima leo..."

"Nipe."

Wanawake walisimama wakawazunguka na kanga kuwasitiri mama na binti. Dainess alipiga magoti kwenye udongo ule mbichi. Kwa mara ya kwanza aliutazama mguu wa binti yake. Akatapika pembeni, akajifuta, akanawishwa mikono, akarudi.

"Nielekeze," alisema.

"Ile nati ya mbele, mama. Zungushia kushoto kwako. Robo tu. Hapo. Simama hapo." Anyitike alikuwa analia huku anaelekeza. "Sasa inayofuata."

Walipomaliza, mchungaji aliendelea pale alipoachia, na mwili ukashushwa.

Karibu sentimita mbili na nusu zilizobaki, Dainess ndiye aliyezimaliza. Zaidi ya siku ishirini, mara nne kwa siku. Tulimuuliza kama alizoea. Alisema hakuzoea hata mara moja. Alikuwa akizungusha na kutapika, anazungusha na kutapika, na mwishoni mwa Oktoba sentimita sita zikatimia. Vyuma viliondolewa mwezi wa tano mwaka huu. Mfupa ulikuwa umejaa. Magongo yakafuata, na mazoezi ya kila Jumatano.

Kwa niaba ya wote wanaotusikiliza, tunampa pole mama Dainess. Pole, mama. Tunampa pole Anyitike, mzee Angetile na ukoo wote wa Mwaisabila. Dada Emerensiana, nawe ni mfiwa, pokea pole. Bwana alitoa, Bwana ametwaa, na bado inauma.

Na wewe msikilizaji, tafakari mambo mawili leo. Mtoto wako akiwa na homa na kiungo kimevimba, hata kama unadhani ameanguka, usikae naye nyumbani hata siku ya pili. Mpeleke. Na kama ndani ya nyumba yako kuna mtu anayemuuguza mwingine, mtazame huyo anayeuguza. Mwulize amekula nini. Usikubali jibu la kwanza.

Niwaachie jambo moja, alilotusimulia mama Dainess tulipokuwa tukiaga.

Ilikuwa mwezi wa saba, mchana. Alikuwa jikoni anapepeta mchele, mgongo kaupa mlango. Akasikia hatua zinakuja uani. Hatua za mtu mzima, zinalingana, moja baada ya nyingine. Alidhani ni mgeni. Watu walikuwa bado wakija kumpa pole. Akasema bila kugeuka, "Karibu, nani mwenzangu?"

Hatua zikasimama.

"Ni mimi, mama. Nimeyaacha magongo ndani."

Dainess anasema ungo ulimtoka mikononi. Kwa miaka kumi alikuwa akimtambua mwanawe kwa namna anavyokanyaga, hata gizani, hata katikati ya watu mia. Siku hiyo hakumtambua. Alikaa kwenye mchele uliomwagika, akalia kwa furaha, na papo hapo akalia kwa sababu yule aliyestahili kuzisikia hatua zile alikuwa hatua thelathini tu kutoka pale, nyuma ya nyumba, na hakuzisikia.